Dereva Aliyesimama Darajani

Tulimwita Dereva, kana kwamba nchi nzima ilikuwa na mmoja. Madereva wengine walikuwako, ila hao tuliwaita kwa Wazungu wao: dereva wa yule bwana wa kahawa, dereva wa yule memsahibu wa ng'ombe. Walipita na vumbi lao, nasi tukafuta macho. Huyu peke yake alikuwa dereva wa kila mtu, na nadhani ndiyo sababu jina lake la ubatizo lilitupotea midomoni. Nililisikia mara moja tu, likisomwa kanisani, nikageuka kutazama ni nani huyo.

Habari za ukoo wake waulizeni wazee wa ukoo wake. Mimi nitasema niliyoyaona nikiwa nimeketi benchi la pili upande wa dirisha, miaka ile baada ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa mwalimu wa shule ndogo karibu na Misikhu. Mume wangu alikuwa karani katika shamba la Mzungu nje ya Kitale. Kabla ya basi kuja tulikuwa tunaonana shule zikifungwa tu, na kila mara tulianza upya kuzoeana kama wachumba.

Msiniambie kwamba reli ilikuwako. Najua ilikuwako. Ilipita Bungoma, na nyingine ilifika Kitale, lakini hizo mbili zilikutana mbali huko upande wa Eldoret. Mtu wa Bungoma aliyetaka kwenda Kitale kwa treni alifanana na anayejikuna sikio la kushoto kwa mkono wa kulia, tena kwa kupitia kisogoni. Barabara ndiyo iliyokuwa imenyooka, na barabara ilikuwa ya wenye motokaa. Sisi wengine tulikuwa na miguu. Tulitembea pembeni, na motokaa zikipita tuliingia majanini.

Basi lenyewe lilikuwa sanduku la mbao lililojengwa juu ya mgongo wa lori, na turubai la kushusha mvua ikinyesha. Lilikwenda Bungoma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, likarudi Kitale siku zinazofuata. Jumapili halikwenda popote. Siku hiyo Dereva aliliosha, kisha akajiosha mwenyewe, kwa mpangilio huo huo, ndipo akaenda kanisani na kukaa karibu na mlango.

Gari alijifunza jeshini, Uhabeshi, na kutoka huko alirudi na vitu viwili: koti zito la askari ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na imani kwamba gari lisiloondoka kwa saa yake si kitu. Kusoma hakujua. Lakini alijua mwendo wa kila mtu wa barabara ile. Angeweza kumtazama mtu aliye mbali, mdogo kama kidole, akasema, "Yule ni fundi wa Kamukuywa, goti bado inamuuma." Na kweli, tukimfikia ni fundi wa Kamukuywa, akichechemea.

Mbele ya basi hilo hakuna aliyekuwa mkubwa. Siku moja chifu alichelewa, akaonekana anakuja mbio na mwavuli wake, mke wake nyuma akipiga kelele. Dereva alimwona vizuri kabisa. Alitia gia akaondoka. Alipoitwa barazani kujibu alisimama na koti lake, akasema, "Chifu, mimi nakuheshimu. Lakini nikikungoja wewe mmoja, wale wa Kamukuywa wananingoja mimi, na wao ni wengi. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Watu walicheka mpaka chifu mwenyewe akashindwa kujizuia. Wiki iliyofuata chifu alifika steji kabla ya jogoo.

Steji nazo zilikuwa kazi yake. Serikali haikuweka hata moja. Alizunguka kwa miguu siku za mapumziko, akipaka mawe chokaa na kuyapanga pembeni mwa barabara, mawe matatu kila mahali pa kusimama. Akatuambia tusimame hapo na si kwingine, maana basi likisimama kwa kila mlango litafika Kitale Krismasi. Tulinung'unika, kisha tukazoea. Akina mama walipika kwa honi yake. Akipita wanainjika chungu, na asipopita kwa sababu ya tope, watoto hushindia viazi baridi.

Alikuwa na ndoto, na alimwambia kila aliyekubali kusikiliza. Alitaka basi la kila siku, si la siku tatu. Alitaka jingine lipitie Chwele siku ya soko, ili mtu wa vitunguu asitembee usiku kucha na mzigo kichwani. Alikwenda ofisini kwa Bwana DC mara tatu na kuchora barabara zake mavumbini kwa fimbo, askari akimtazama. Alijibiwa kwamba barabara zilitengenezwa kwa ajili ya mahindi. "Mahindi!" alituambia, akipiga usukani. "Mahindi imelimwa na nani? Si na hawa wanatembea?"

Kuna siku tulikuta motokaa ya Mzungu imezama matopeni. Ndani alikuwamo bwana mwenyewe, na kwenye kiti cha pembeni mbwa mkubwa mwekundu. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Dereva alishuka, akafunga kamba, akaivuta motokaa ile bila neno. Tulipoondoka ndipo akasema, bila kugeuka, "Mumeona? Mbwa amepata kiti. Mama zetu wanatembea."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko alivyotaka yeye, kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye. Sasa nalisema, nami nina sehemu yangu ndani yake.

Kwa asiyejua desturi ya kwetu: mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawatazamani. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe ni nzito. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Hawali pamoja, hawashikani mkono, na kama kuna neno la lazima hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanalisikia. Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamume anayemkazia macho mama mkwe wake tulimhesabu kuwa si mtu.

Mama mkwe wa Dereva aliishi mbele kidogo ya Misikhu, karibu na daraja dogo la mbao, na steji ya mawe matatu ilikuwa pale pale. Miaka yote hiyo hakuwahi kupanda basi la mkwewe. Alitembea. Dereva alijua saa zake za sokoni na yeye alijua saa za basi, wakakwepana bila kuambiana, na sote tuliona ni adabu nzuri.

Kisha mke wa Dereva alishikwa na uchungu wa kuzaa mapema, kabla ya wakati wake, akalazwa hospitali ya Kitale. Mambo hayakwenda vizuri. Kondakta, mtu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima mashamba ya Trans-Nzoia, ndiye aliyetumwa kushuka darajani na kupeleka habari: mgonjwa anamwita mama yake, mama aje upesi.

Kesho yake basi lilikuwa linarudi Kitale. Nilipanda Misikhu. Tulipoukaribia mteremko wa daraja, nilimwona yule mama amesimama kwenye mawe, kikapu mkononi, amevaa nguo yake ya kanisani. Kwa mbali aliinua mkono. Dereva pia alimwona. Nilikuwa nyuma yake; niliona shingo yake ikikakamaa. Akashusha kofia mpaka machoni, akainamisha uso kwenye usukani, na mguu wake haukutoka kwenye mafuta.

"Dereva!" kondakta alipiga kelele. "Si kuna mama pale? Simama!"

"Nyamaza wewe," mzee mmoja akamwambia. "Huyo ni mkwe wake."

"Kwani mkwe hapandi gari? Mtoto wake ni mgonjwa!"

"Nyamaza, bwana! Utamtia mtu aibu."

Tukapita. Mbao za daraja zikalia chini yetu. Nilikuwa mwalimu, watu wangenisikiliza. Ningeweza kusema simamisha, Dereva, shuka wewe usimame nyuma ya basi, sisi tutampandisha mama. Lilikuwa jambo la dakika moja. Sikusema. Nilitazama mikono yangu, na hata leo nikikumbuka naona haya.

Dereva alinieleza miezi mingi baadaye kwamba alidhani mama atapanda lori la mahindi la mchana. Lori halikuja, mvua ilikuwa imeharibu njia huko mbele. Yule mama alitembea. Alilala kwa watu Kiminini, akaamka akaendelea, akafika hospitali siku ya pili jua likiwa la utosi. Alimkuta binti yake amefunikwa shuka. Mtoto alikuwa ametangulia.

Tajiri mwenye basi alitoa lori kurudisha mwili nyumbani, na mama akapanda kando ya mwanawe. Dereva aliambiwa apande mbele akakataa. Alikuja kwa miguu kutoka Kitale, barabara yote ile, na koti lake. Alifika jioni ya kesho yake akiwa ametapakaa tope mpaka magotini, akakaa mbali na wengine, na hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Tulidhani ataacha kazi. Alirudi baada ya arobaini, amekonda, na basi lilikuwa na kitu kipya. Nyuma ya kiti chake alikuwa ametundika pazia la amerikani kutoka ukuta mpaka ukuta, na pazia la pili katikati ya mabenchi. Akasimama mlangoni akatangaza, tena kwa sauti ya jeshi: kuanzia leo hakuna mama ataachwa njiani. Mwenye mkwe wake ndani atakaa nyuma ya pazia. Kama kuna watu hawatazamani, wasitazamane, lakini wafike.

Maneno yalikuwa mengi! Wazee wa Chwele walisema amevunja desturi. Wengine walisema amechanganyikiwa kwa msiba. Aliitwa barazani tena. Mzee mmoja akamuuliza, kwa upole, kama pazia la kitambaa linaweza kuwa heshima. Dereva akamwita papa, yaani baba kwa lugha yetu, akajibu, "Papa, heshima haina miguu. Mama ana miguu, na inauma." Yule mzee alikuwa na mkwe wake mwenyewe, na aliyapima maneno hayo kwa muda mrefu.

Mambo yakaenda kama maji yaliyopata mfereji. Mwezi haukwisha kabla ya basi kujaa vikongwe. Walipanda wakicheka, wakiulizana kwa sauti kubwa, "Kuna mkwe wa mtu hapa?" na sauti ya mwanamume ingejibu kutoka nyuma ya pazia, "Tuko wawili, mayi, mama yetu, kaa tu." Walikwenda kuwaona binti zao walioolewa mashambani, binti ambao hawakuwaona tangu siku ya harusi. Kondakta, ambaye hakuacha kutushangaa, alikuwa akiuliza kila anayepanda habari za wakwe zake kabla ya kumwonyesha kiti. "Nyinyi watu mna maneno," alisema, lakini aliwashika mikono wale akina mama kama mayai.

Mmoja tu hakupanda. Kila basi lilipofika darajani Dereva alisimama kwenye mawe yale matatu, mtu awepo, asiwepo. Alizima injini. Alivuta pazia lake mpaka mwisho, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akangoja. Huyu aliyemwacha chifu! Mwanzoni tulitazamana. Baadaye tukaelewa, na basi zima likawa linanyamaza, hata watoto. Siku nyingine mama alikuwapo pale ng'ambo, analima kando ya nyumba yake, jembe linapanda na kushuka. Hakuinua uso. Kisha Dereva angewasha injini, na njia yote mpaka Kitale angeendesha kasi kidogo kufidia.

Nilimuuliza mara moja kwa nini asipeleke mbuzi na blanketi kwa wazee, ili soni iondolewe kati yao, maana desturi yenyewe ina mlango wake wa kutokea. Aliniangalia kama mwanafunzi aliyeulizwa swali gumu. "Mwalimu," alisema, "hiyo mbuzi inaondoa soni ya kuonana. Hii yangu ni ya kumpita."

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, na kinyongo chake kilidumu. Aliwahi kumshusha mtu njiani kwa kutema mate ndani ya basi, mvua ikinyesha. Alijisifu vita mpaka tukachoka na Uhabeshi. Na kwa mtu aliyehubiri kwamba kila mmoja apate kiti, hakuruhusu mwingine yeyote aguse usukani wake, hata alipokuwa na homa. Tulikwenda Kitale siku hiyo tukiomba Mungu, yeye akitetemeka ndani ya koti. Lakini kwa sababu yake nililala na mume wangu kila Jumamosi, nikazaa watoto wangu wawili wa mwisho, na watoto hao walimjua baba yao. Ningesema nini tena?

Halafu likaisha. Haikuwa ajali wala fitina. Tajiri aliona mahindi hayagombanii kiti, akang'oa mabenchi na turubai, akaligeuza basi kuwa lori la magunia kwenda stesheni. Dereva aliambiwa aendeshe magunia, akakabidhi ufunguo. Tulienda kumlilia tajiri, akina mama kumi na mmoja na mimi mwandishi wao. Alitupa chai, akatusikiliza vizuri sana, na kesho yake lori likapita na magunia.

Nimeishi baada ya hapo, wala sisemi maisha yalisimama. Lakini hamu ya basi lile haikunitoka. Ilikuwa ikinijia asubuhi, saa ile ile, nikiwa naandika ubaoni. Nilikuwa naacha chaki hewani nikisikiliza honi, wanafunzi wakinitazama. Kitale ilirudi kuwa mbali. Mume wangu akaanza tena kuwa barua.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa kwenye njia ya kwenda soko la Chwele, asubuhi yenye ukungu. Nilikuwa natembea, kama kila mtu. Mbele yangu nikaona kikongwe na fimbo yake, anakwenda polepole, hana mzigo. Nyuma yake, hatua kama ishirini hivi, mwanamume wa koti zito amebeba vikapu viwili vya ndizi, kimoja begani, kingine mkononi. Kikongwe akisimama, naye anasimama na kuutazama upande wa shamba. Kikongwe akienda, naye anakwenda.

Nikamfikia Dereva kwanza. Alikuwa amezeeka ghafla, mvi mpaka kwenye nyusi.

"Mulembe, Mwalimu," alisema.

"Mulembe. Unafanya nini huku?"

"Napeleka mama sokoni. Anaacha mizigo mlangoni, mimi naokota. Hakuna mtu aliniambia niokote. Ni mwaka sasa."

Nikasonga mbele kumsalimu yule mama wa darajani. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa njia, anapumzisha magoti, mgongo wake kwa Dereva.

"Mulembe, mayi."

"Mulembe, mwanangu. Ni wewe wa shule?" Alinivuta nikae karibu naye. "Muulize huyo mtu kama amechoka."

Hatua ishirini hazikuwa kitu. Alisikia kila neno. Lakini desturi ni desturi. Nikageuka, nikapaza sauti: "Mama anauliza kama umechoka."

"Mwambie sijachoka."

"Anasema hajachoka."

Mama alichora chini kwa fimbo. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetoa habari za mvua.

"Mwambie siku ile niliinua mkono gari ikiwa mbali. Halafu nikakumbuka ni nani anaendesha. Nikaona haya. Nikageuka, nikaingia kwa mahindi, nikakaa chini mpaka ipite. Kama angesimama hangenipata. Nilikuwa nimejificha. Mwambie hivyo. Mimi pia nilimwacha mtoto wangu kwa sababu ya haya."

Nilikuwa kwenye basi lile na sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa natazama mikono yangu. Dereva alikuwa ameshusha kofia. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama mahindini.

Nilisimama kuyapeleka maneno. Dereva alikuwa ameweka vikapu chini. Uso wake ulielekea shambani na mabega yake yalikuwa yanatikisika ndani ya koti. Nilimwambia yote, neno kwa neno, ingawa alikwisha kuyasikia.

"Mwambie nimesikia."

Nikarudi kwa mama. "Anasema amesikia."

"Vema," alisema. Akashika fimbo, nikamsaidia kuinuka, akakung'uta majani kwenye nguo yake. "Sasa mwambie twende."

Niligeuka kumwambia. Alikuwa ameshajitwika vikapu.